Walinzi wa Panya Wagonjwa

Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kulisha panya. Nasema hivyo bila kuficha, ingawa majirani zangu wa Kavimvira wangependa niseme neno lenye heshima zaidi. Mtaa mzima unatafuta sumu ya panya, unaazimana paka, unaziba matundu kwa matambara, halafu mimi natoka asubuhi na kitambaa changu kichwani naenda kuwapa panya chakula na maji safi. Jirani mmoja aliniuliza kama panya wangu wanasali kabla ya kula. Nikamwambia wanasali, tena kumzidi yeye.

Walikuwa panya weupe wa laboratwari, wenye macho mekundu. Laboratwari yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, karibu na ziwa kiasi kwamba mabati yake yalikula kutu upande mmoja tu. Chakula cha panya nilikipika mimi: mahindi, soya na unga wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, nakikanda, nakikausha juani, nakikatakata. Kilikuwa chakula kizuri. Nilikionja mara moja, sioni haya kusema, na nimeshakula kibaya zaidi kwenye harusi.

Kabla ya panya nilifagia hospitalini miaka kumi na moja, wodi ya wanawake, na yote ninayoyajua kuhusu ugonjwa niliyajulia huko. La kwanza ni kwamba mgonjwa halazwi peke yake. Akifika mapokezi, hajaulizwa hata anaumwa wapi, ataulizwa garde-malade wake ni nani, yaani ndugu gani atatandika mkeka chini ya kitanda, amwogeshe, amletee uji, na amkimbilie muuguzi dripu ikiisha. Familia hupangiana zamu. Leo dada, kesho shemeji, keshokutwa yule mkwe asiyependwa. Mgonjwa asiye na mtu, sisi wafagiaji tulimjua toka mlangoni, na mara nyingi kitanda chake kilikuwa kimeshapata mwingine kabla wiki haijaisha.

Sasa mwanafunzi. Alitufikia mwanzo wa kiangazi, binti wa wakulima wa Runingu, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, mwenye kalamu mbili alizozichomeka kwenye nywele. Alikuja kufanya kazi yake ya mwisho ya masomo, ile inayotetewa mbele ya maprofesa. Alitaka kuona mwili wa panya unavyopambana na kirusi siku kwa siku. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja na kikamwambia hakitaongeza tena. Matokeo yakitoka safi kabla ya mvua kuanza, atapata diploma na nafasi ya kuendelea. Yasipotoka, arudi Runingu akalime. Aliniambia hayo siku ya kwanza kabisa, akicheka.

Aliniita mama. Mimi nilimwita docta, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa mazoea.

Jaribio lilikuwa rahisi hata mimi nikalielewa. Masanduku mawili ya plastiki yenye kifuniko cha waya, kila moja panya sita, wote majike kwa sababu madume wanaumana. Wa sanduku la kwanza aliwapa kirusi, tone moja puani kila panya. Kilikuwa kirusi cha panya tu, mtu hakimgusi. Wa sanduku la pili aliwapa tone la maji ya chumvi, basi. Aliwachora mistari mkiani kwa kalamu, wa kirusi mistari myekundu, wa maji mistari myeusi, mmoja mpaka sita. Kila asubuhi aliwapima uzito, wa maji kwanza, halafu wagonjwa, na kati ya panya na panya alibadilisha gants, zile glavu za mpira, na kupangusa meza kwa javel, dawa ya kuulia vijidudu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina chakula na maji kwa juu. Kufungua kifuniko wakati wa jaribio nilikatazwa, na hata vumbi la mbao wanalolalia alilibadilisha mwenyewe.

Siku ya nne wale wa kirusi walijikunja. Manyoya yaliwasimama. Kawaida nikiingia walikuwa wanakimbilia kwenye waya kunipokea, maana walinijua kwa chakula. Siku ile hakuna aliyeinua hata pua.

Nikamwambia, "Docta, hizi panya hazikuli."

"Njo vile inapashwa kuwa, mama," akanijibu, yaani ndivyo inavyopaswa.

"Kirusi njo kinakataza?"

"Hapana, ni mwili yao yenyewe." Akavuta kiti, maana alipenda kufundisha. Akanieleza kwamba siku ya kwanza seli zilizoingiliwa hupiga yowe, na majirani zao wakisikia hufunga milango. Halafu wanakuja walinzi wasiochagua, wanapiga yeyote. Homa, kujikunja na kukataa chakula ni amri ya mwili, ili nguvu zote ziende vitani. Baada ya siku tano au sita ndipo wanafika wale waliofundishwa kumtambua adui huyu tu na si mwingine. Hao wanaua kila seli yenye kirusi ndani yake. Siku ya tisa au ya kumi panya ataanza kula. "Na kisha wengine wanabaki ndani ya mwili, mama. Hao hawasahau. Kirusi ikirudi, wanaikamata mulangoni."

"Na hizi za maji ya chumvi?"

"Hizo haziwezi gonjwa."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika, mama. Hazikupewa kitu."

Sikilizeni vizuri, maana hapo ndipo nilipopotelea. Alisema hawawezi kuugua. Nikamwamini, kwani yeye ndiye aliyesoma.

Yeye alikuwa anaondoka saa kumi, mimi nafunga saa kumi na moja. Jioni ile nilifagia chumba, nikazima redio, nikasimama mbele ya sanduku la wagonjwa. Sita, wote hoi. Hakuna hata mmoja wa kumsogezea mwenzake chakula. Kama ingekuwa wodi yangu, muuguzi mkuu angetoka nje na kuwafokea ndugu: nyinyi watu gani, mnatupa wagonjwa hapa kama magunia? Na sanduku la pili, umbali wa mkono mmoja tu, ndugu sita wazima wa afya wanakula na kukimbizana. Nilikasirika. Nasema kweli, niliwakasirikia wale panya wazima.

Basi nikavaa gants, nikafungua, nikamtoa mwenye mstari mmoja mweusi, nikamtia kwa wagonjwa. Alinusa huku na huku, akawakanyaga kidogo, halafu akalala katikati yao. Asubuhi nilifika mapema, saa kumi na mbili na nusu, nikamrudisha kwao kabla docta hajaja. Wagonjwa walikuwa wamemlalia mgongoni. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Jioni iliyofuata alikwenda mwenye mistari miwili. Kisha mitatu. Mwenye mistari minne alikuwa mgomvi, nikamruka, halafu nikaona si haki, wenzake wakeshe yeye alale, nikampeleka. Walizunguka wote sita, kila mmoja na zamu yake. Siku ya tisa wagonjwa walianza kula. Docta alikuwa ameshasema watakula siku ya tisa, lakini mimi nilijisifu kimoyomoyo kama mkunga.

Siku ileile wale wa maji walipungua uzito.

Docta alidhani mizani imeharibika. Akapima uzito wa betri ya tochi mara tatu, mizani ikatoa jibu moja mara tatu. Akapima tena panya. Wawili walikuwa wameanza kujikunja. Alikaa chini sakafuni, na sakafu ilikuwa bado na maji niliyoipigia deki. Hakuona.

Mtaniuliza kama sikujua. Sikujua. Nilihuzunika naye, nikamletea chai. Niliwaza kwamba ugonjwa umepita hewani, maana hospitalini tulikuwa na madirisha yaliyovunjika na kila kitu kilisemwa kimepita hewani. Garde-malade wangapi nimewaona wakilala kwenye mikeka mwezi mzima na kurudi kwao wazima? Tulizalisha panya wengine, tukangoja wakue. Docta alihesabu majuma kwenye kalenda ya ukutani. Ulibaki muda wa jaribio moja tu, la mwisho. Aliosha chumba kizima kwa javel mpaka macho yakatuwasha sote wawili. Akaanza upya. Siku ya nne wagonjwa wakajikunja, na mimi, jioni, nikapanga zamu.

Matokeo yakawa yaleyale.

Safari hii aliwapasua. Alitoa bandama zao, kila moja ndogo kama punje ya maharage, akazisaga, akazitia dawa, akazitazama kwa mashine siku mbili. Siku ya pili aliniita. Nilikuwa na ufagio.

"Mama, ona. Hizi ni za panya wa maji. Zinamujua."

"Zinamujua nani?"

"Kirusi. Ziko seli nyingi ndani zilizofundishwa juu yake. Mwili hauwezi fundishwa juu ya kitu haujakutana nacho." Alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. "Hizi panya zilikutana na wagonjwa. Si mara moja. Na hakuna mwingine anazishika hapa, ni minye tu. Basi ni mikono yangu, mama. Mikono yangu njo imebeba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila zamu niliyopanga ilikuwa imeandikwa ndani ya bandama zile, na mashine ilikuwa inaisoma mbele yangu, imekosa jina langu tu. Mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa na mume nyumbani aliyeacha kuvua kwa ajili ya mgongo, na sababu nyingine ambazo nimezirudia moyoni mara nyingi mpaka zimechakaa. Nikasema, "Labda ni hewa."

"Aka, mama. Si hewa."

Kesho yake shefu, mkuu wa laboratwari, alituita. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama docta, akanitazama mimi, akaniuliza mbele yake: "Mama, weye uko hapa asubuhi mpaka magaribi. Huyu mutoto anabadilishaka gants kila mara, ao anasahauka?"

Nilikuwa nimemwona akibadilisha gants mpaka pakiti zikaisha na akaenda kununua nyingine. Nilikuwa nimemwona akibadilisha gants kwa sababu alijikuna pua.

Nikasema, "Shefu, minye siangaliage mikono ya watu."

Sentensi moja tu. Shefu aliandika kwenye karatasi kwamba kosa ni la mwanafunzi, jinsi alivyoshika panya. Docta hakubisha. Alisaini, akakunja koti lake jeupe, akaliacha juu ya kiti. Siku zile za mwisho alikuwa ananawa mikono kwa javel, ngozi imepasuka kwenye vifundo, na aliponiaga hakunipa mkono. Aliniinamia kichwa tu. Akasema aksanti mama, ulinisaidia sana. Nilienda chooni nikalia, kisha nikarudi kulisha panya, maana walikuwa hawajala.

Ikapita miaka miwili. Ninaposema nilimsahau nadanganya. Kila jioni saa kumi na moja nilitoka chumba kile mbiombio bila kutazama nyuma.

Mwaka huu mahindi ya sokoni yalikuwa na wadudu, panya wakawa wanayaacha. Shefu akanituma tambarare ya Ruzizi nikatafute mazuri kwa wakulima wenyewe. Nilianzia Mutarule, sikupata ya maana. Wakaniambia panda Runingu. Ningeweza kusema gari limeharibika. Nilipanda.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na rundo la mahindi uani, na wanawake wawili wanapukuchua. Mmoja alikuwa docta. Amenenepa kidogo, imempendeza. Alifurahi kuniona, hilo ndilo lililonimaliza, alisimama akaita "Mama wa panya!" akanitandikia mkeka, akauliza habari za shefu, za mume wangu na mgongo wake, za mizani. Mwingine alikuwa dada yake mkubwa. Mtoto wa dada, msichana wa miezi kama kumi, alikuwa anatambaa kati ya magunzi.

Nikaona jambo. Mtoto alitambaa kumwelekea docta, na docta akainuka, akahamia upande wa pili wa rundo. Mtoto akamfuata huko. Akainuka tena. Alifanya hivyo bila kukatiza mazungumzo, kama mtu anayekwepa moshi wa jiko.

Dada yake aliona kwamba nimeona. "Muulize, mama, weye mutu mukubwa," akasema. "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Tangu nimezaa hajabeba mutoto wangu hata siku moja. Hajamuogesha, hajamufuta makamasi. Watu wanasema ni wivu kwa sababu yeye hajazaa. Wengine wanasema ingine, mubaya zaidi. Minye nimechoka kumutetea."

Docta alitazama mahindi. "Nilikuambia," akamjibu dada yake. "Mikono yangu inapitishaka magonjwa. Si maneno ya watu. Ilitokea mara mbili, na mashine ikaonyesha. Nilifanya yote yenye kupashwa na bado ikapita. Mutoto mudogo hivi, nimubebe, kisha?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema jambo analolijua.

Nikasema, "Ni minye."

"Nini, mama?"

"Panya. Ni minye nilizihamisha. Kila jioni ukiondoka, moja ya maji nilikuwa naitia kwa wagonjwa ilale nayo, asubuhi naitosha, nairudisha kwao. Sikutaka zibakie bila garde-malade."

Dada mtu alianza kucheka, akaona nyuso zetu, akaacha.

Docta aliniuliza maswali. Aliniuliza kama alivyokuwa anaandika kwenye daftari lake: saa ngapi ziliingia, saa ngapi zilitoka, kuanzia siku ya ngapi, nilibadilisha gants au hapana, na jaribio la kwanza pia? Nilijibu yote. Nikamwambia hata habari ya mwenye mistari minne. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Hesabu ilipotimia nilimwona kwa macho yangu, mabega yalishuka.

"Na ile siku shefu alikuuliza?"

"Nilidanganya. Ulikuwa unabadilisha kila mara. Hata ulipojikuna pua."

Niseme la shefu hapahapa tumalizane nalo. Nilimwambia siku iliyofuata, kwa mdomo na kwa karatasi. Alinitoa chumba cha panya, sasa nafagia uani, na ni haki. Aliandikia chuo. Chuo kimejibu kwamba anaweza kuomba upya kama wanafunzi wapya wanavyoomba, toka mwanzo. Sijui kama ataomba. Sijathubutu kumuuliza.

Pale Runingu nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshakunja kitenge changu tayari kuinuka, nikisema nisamehe mwanangu, nisamehe, na maneno hayana uzito wowote mtu akiyasema amechelewa miaka miwili. Mpaka leo hajanijibu. Alikuwa ameifunua mikono yake magotini, anaitazama, pande zote mbili.

Kisha akainuka, akazunguka rundo la mahindi, akainama, akamchukua mtoto. Hakujua kumshika. Alimshika kwapani akamning'iniza mbele yake, halafu akamwegemeza begani. Mtoto akamsukuma kwa ngumi, akalia kwa sauti ya kuita majirani, kwa sababu hakumjua mama yake mdogo, na dada mtu akanyoosha mikono ampokee.

"Muache," docta akasema. "Muache alie."